Lenzi ya Furaha Ilivyorudi kutoka Misisi

Niliondoka kwangu Baraka Jumatano kwa sababu nilikuwa nimegawa vitu vya mwanangu. Furaha, binti yangu, anafundisha fizikia Fizi-Centre, na ana darubini aliyoachiwa na padri mmoja aliyehama. Jumamosi alitaka kuwaonyesha wanafunzi na wazazi picha za nyota. Vipande viwili vilikosekana, akaviagiza: lenzi ya kunyoosha picha, ili nyota za pembeni zisivutike, na kioo chekundu cha kuchuja mwanga. Vilipitia kwangu. Aliniuliza kwa simu kama navijua. Nikasema navijua sana. Mimi nina diploma, na tangu niipate sikuwahi kumwambia mtu kwamba sijui kitu.

Sikujua hata kimoja. Kioo nilimzawadia Wilondja, motari wa pikipiki ya abiria aliyeniletea kifurushi. Lenzi nilimpa Asukulu, mnunuzi wa dhahabu wa Misisi, aliyelala kwangu siku hiyo. Sikutaka mgeni aondoke mikono mitupu. Furaha nilimwambia kifurushi kimekwama njiani.

Saa kumi na mbili asubuhi Wilondja alinipakia. Kioo kilikuwa nyuma ya pikipiki yake, kimefungwa kwa mpira juu ya taa. Alikubali kukirudisha, mradi mimi mwenyewe nimweleze mama yake, maana mama alishazoea kumtambua mwanawe kwa mbali kwa wekundu ule.

Fizi tulipita saa tatu. Nilijifunika shuka hadi kichwani ili Furaha asinione. Muuza ndizi mmoja alitupa pole. Mwenzake akamuuliza Wilondja kama siku hizi maiti hupakiwa wakiwa wameketi.

Misisi, jioni. Asukulu alikuwa mezani, wachimbaji wamepanga mstari kimya kama kwenye ungamo. Alitazama kila punje kupitia lenzi ya Furaha, akashusha pumzi, kisha akatamka bei. Nilipoiomba, alinivuta pembeni.

"Mzee, hii kioo haionyeshaka kitu," akaninong'oneza. "Lakini tangu niko naishika, hakuna muntu anabisha tena. Nikiirudisha, batasema nilikuwa nabadanganya."

Wachimbaji walipopata habari walifanya kikao. Waliamua kwamba lenzi inaweza kubadilishwa, ila kwa kitu chenye kuonyesha kusoma zaidi. Wote wakaugeukia uso wangu. Nikaacha miwani yangu.

Alhamisi tulirudi, tope hadi magotini, lenzi nimeiviringisha ndani ya soksi na kuibana kwapani. Tulifika Fizi saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeandaa maneno: kifurushi kimefika sasa hivi. Lakini Furaha alipokea lenzi, akanipa karatasi ya maelezo yake.

"Papa, nisomee vipimo, mi nashika hii."

Niliisogeza karibu, nikaisogeza mbali.

"Miwani yako iko wapi?"

"Iko Misisi," nikasema, na ikabidi nieleze yote. Wilondja, aliyekuwa akifungua mpira wa taa, alijaza kila nilipotaka kuruka, pamoja na habari ya shuka. Furaha hakucheka.

"Ungesema haujue, Papa," alisema, "ningekueleza kwa dakika moja."

Usiku tulijaribu. Karatasi ilitaka milimita hamsini na tano kutoka lenzi hadi ndani ya kamera iliyofungwa kwenye darubini. Nyota za katikati zilitoka safi. Za pembeni, Furaha alisema, zilikuwa na mikia kama viluwiluwi. Alifikiri, akakumbuka kwamba unene wa kioo chekundu unadai umbali zaidi kidogo. Tukakata pete ya katoni ya sabuni, unene wa milimita moja, tukaiweka katikati. Akapiga tena, akanigeuzia kompyuta.

"Papa, za pembeni zimekuwa duara?"

Mbele yangu palikuwa kama unga wa muhogo uliomwagika. Wilondja alinitazama, alijua nitakavyojibu.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Sioni. Nieleze."

Akavuta kiti, akanieleza pembe moja baada ya nyingine. Nyota za pembe zote nne zilikuwa duara.

Jumamosi wazazi walizitazama hadi betri ikaisha. Jumapili nilirudi Baraka. Mama ya Wilondja alikuwa amesimama barabarani, akauliza taa ya mwanawe imeenda wapi. Nikamwambia imebaki Fizi, inapiga picha za nyota. Akauliza nyota zina taa zao, zinataka ya mwanawe ya nini.

Nikamjibu kwamba nimeelezwa mara mbili, na bado sijaelewa vizuri.