Mkwaruzo Kwenye Mkia wa Mashine

Baba alipofariki nilisafisha mashine yake ya kukereza kwa siku tatu mfululizo. Watu walikaa nje chini ya turubai, mimi niko ndani na ndoo ya mafuta ya taa. Nilihitaji kitu cha kushika.

Ni mashine kuukuu, imekaa kwenye karakana yetu hapa Same tangu kabla sijazaliwa. Chuma hubanwa upande wa kushoto, kwenye kichwa kinachozunguka. Upande wa kulia hushikiliwa na ncha ya kipande kizito kinachotelezeshwa, ambacho Baba alikiita mkia. Chini ya mkia kuna mistari miwili ya kiwandani inayopaswa kukutana. Haikukutana. Mkia ulikuwa umesogea kidogo kuelekea ukutani, na kando ya mistari hiyo palikuwa na mkwaruzo wa patasi, umepinda.

Niliona aibu kwa niaba yake. Mimi ni mtu wa kufunga kofuli, kuondoka, kurudi kulivuta, kisha kurudi tena. Nikausogeza mkia mpaka mistari ikakutana sawasawa, halafu nikaanza kuufuta ule mkwaruzo kwa msasa. Nikaitwa kula. Mkwaruzo ukabaki nusu.

Baba hakunifundisha kazi hii. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, na kwa kukumbuka mgongo wake, maana mimi nilikuwa mtu wa kusimama mlangoni. Alipomaliza kitu kizuri hakusema neno. Alikiweka dirishani, upande wa barabara, akawasha redio. Nilitamani sana siku moja aweke pale kitu changu.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, shangazi yangu, dada yake Baba, alinipigia kutoka Mhezi, milimani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mashine yangu ya kusaga imekufa. Shafti imekatika. Wanawake wanabeba mahindi mpaka kijiji cha pili, na wote wanapita mlangoni kwangu kunipa pole. Sitaki pole, nataka shafti."

"Nitakutengenezea."

"Lini? Maana wewe na baba yako ni walewale. Mtu akiwaomba sindano, mnapima uzi kwanza."

"Jumamosi. Lori la tangawizi likirudi huko juu, litaibeba."

Tangu msiba nilikuwa nimekereza vitu vifupi tu, visivyohitaji mkia. Nilikuwa na vipande vitatu vya chuma kinachofaa. Shafti ya kwanza ilitoka nene kushoto, nyembamba upande wa mkia. Tofauti yenyewe jicho haliioni, lakini beringi iliingia ikacheza kama pete kwenye kidole cha mgonjwa. Nikaitoa ncha, nikaufuta uchafu kwenye tundu lake, nikairudisha. Nikausogeza mkia mpaka ncha yake ikutane na ncha ya upande wa kichwa, nikabana wembe katikati, kama nilivyoona kwenye video. Mkia ukiwa umepinda, wembe nao unapinda. Wembe ulisimama wima kabisa. Nikakereza ya pili. Nyembamba vilevile upande wa mkia.

Ilikuwa Ijumaa mchana, kipande kimebaki kimoja. Sasa naungama: jambo la kwanza nililofikiria halikuwa shangazi, wala mahindi. Nilifikiria mtu asije akaingia akaiona ile shafti. Nikapiga magoti, nikaisukuma chini ya meza, nyuma kabisa ya sanduku la beringi chakavu.

Ikagonga chuma.

Nilivuta vipande vitano vyenye kutu, kila kimoja na urefu wa shafti ya mashine ya kusaga. Kwenye ncha za kila kipande palikuwa na namba zilizochorwa kwa msumari, mwandiko wa Baba. Kwenye cha kwanza namba mbili zilitofautiana sana. Cha pili, kidogo. Cha tano zililingana, na chini yake alikuwa amechora alama iliyopinda, sawa na ule mkwaruzo.

Nilikaa sakafuni, nikazipapasa reli za mashine, zile ambazo kisu cha kukerezea hutelezea juu yake. Zimelika karibu na kichwa kwa miaka ya kazi, kwa hiyo kisu kikifika pale kinashuka na kuacha chuma kinene. Baba aliupeleka mkia kombo kwa makusudi, kipande kwa kipande, mpaka kazi ikanyooka. Mimi niliunyoosha mkia nikaipinda kazi. Na makosa yake aliyaficha palepale nilipoficha langu.

Nikalegeza skrubu, nikausukuma mkia kuelekea ukutani mpaka kwenye ile nusu ya mkwaruzo. Nikajaribu kwanza kwenye shafti iliyoharibika. Kisha nikakereza kipande cha mwisho. Nilipima ncha zote mbili mara saba. Zililingana.

Nikaiweka dirishani, nikaenda kusimama mlangoni. Nilisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili shangazi alipiga tena. Nyuma yake kulikuwa na kelele.

"Inazunguka!"

"Imenyooka?"

"Mahindi hayajalalamika. Baba yako angesema nini?"

"Asingesema kitu."

"Haya, basi ujue umefaulu."

Ningefurahi kama angenionyesha kimoja tu kati ya vile vitano, akiwa hai, hata bila kusema neno. Jumatatu nilichukua msumari, nikaandika namba kwenye shafti zangu mbili zilizoharibika, nikazirudisha chini ya meza, kando ya vipande vyake.