Mursik kwa Wasiokimbia

Tangu siku ile Hellen anaichukia harufu ya sanitaiza kuliko harufu ya zizi. Wafadhili walikuja nayo ya kutosha. Wakimsalimia mama mmoja, wanajipaka. Wakimsalimia mwingine, wanajipaka tena. Ungedhani akina mama wa Soy wametoka kuchimba choo.

Na tuseme ukweli, Hellen si mtu wa kudharau msaada. Mwaka juzi binti yake Jepchumba alilazwa Eldoret na homa ya uti wa mgongo, shingo imekauka kama mpini wa jembe. Daktari Wanyonyi, mmoja wa watafiti wanaotafuta chanjo na tiba ya ugonjwa huo, alimsihi akubali mtoto achomwe sindano ya mgongo. Majirani wakasema sindano hiyo hulemaza watu. Hellen akakubali huku analia. Mtoto akapona, lakini masikio yakafa. Shirika la hisani linalogharamia utafiti likaahidi kumnunulia mashine za kusikia, na tangu hapo Hellen haombi jingine kanisani.

Basi Johnstone, msemaji wa shirika, bwana wa suti na meno mengi, akamjia.

"Mama Jepchumba, wafadhili wanakuja Jumamosi. Tunataka uwapokee na mursik, vile wanariadha wetu hupokewa airport. Kwa kamera itatoka poa sana."

Hellen akamkodolea macho. Mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, mbele ya umati, hupewa mtu aliyeenda mashindanoni akarudi ameshinda. Hata mtoto wa nasari anajua hivyo.

"Kwani hiyo chanjo imepatikana?"

"Bado, Mama. Utafiti ni wa miaka."

"Sasa hao wameshinda nini?"

Johnstone akacheka, kisha akashusha sauti. "Mashine za masikio ni chache, Mama, na watoto ni wengi. Anayeshirikiana ndiye hukumbukwa."

Hellen akatamani kutema mate. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, lakini huu wa Johnstone ulitaka kulambwa kabla haujatoa kitu. Angefanyaje? Jumamosi akabeba kibuyu chake, akamshika binti yake mkono, akaenda.

Uani pa kliniki ya Soy alikuta akina mama wanaimbishwa tangu asubuhi. Linet, jirani yake aliyemzika mwanawe kwa homa hiyohiyo, alikuwa amevalishwa fulana ya njano iliyoandikwa ASANTE kifuani. Alikuwa akiimba huku anaangalia chini. Hellen alishindwa kumtazama mara mbili.

Mwenyekiti wa wafadhili, Bwana Muigai wa Nairobi, akakikaribia kibuyu na kuchungulia ndani. Akaona chembe za mkaa, zile zinazoipa mursik utamu wake.

"Huu uchafu mweusi ni wa nini?" Akamgeukia mpiga picha. "Nitaweka tu mdomoni. Sinywi."

Aka! Maziwa ya ng'ombe wake, na jibaba zima linataka kuigiza kuyanywa! Hellen akakivuta kibuyu, akampa Muigai kisogo, akaenda moja kwa moja hadi kwa Jepchumba, akachuchumaa na kumnywesha.

"Huyu ndiye alikimbia mbio!" akasema kwa sauti kila mtu asikie. "Huyu ndiye amerudi! Nyinyi mmetoka wapi?"

Alijua amezitupa mashine za mwanawe. Akangoja kufukuzwa.

Wafadhili wakampigia makofi.

Wakapiga na vigelegele. Muigai akatoa leso, akajifuta jicho. Johnstone akaja mbio, meno yote nje.

"Mama, umetuua kabisa! Hiyo ndiyo picha! Rudia tena, lakini uangalie huku kidogo. Mashine za Jepchumba ni kama ziko mkononi, nakuapia."

Jepchumba hakusikia makofi, ila aliona mikono ikigongana, naye akacheka na kuanza kupiga yake.

Hellen akayatazama masikio yale madogo. Haki ya Mungu, alitamani kuyamwaga maziwa yote juu ya viatu vya Johnstone. Akameza mate, machungu kama shubiri. Kisha akachuchumaa tena, akakiinua kibuyu, akaangalia kamera.