Lori Lililofungiwa Ndani ya Mabano

Kwa miaka mingi nilikana kwamba ninahesabu mabano kwa kidole. Nilihesabu. Niliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, nikanong'ona kama mtu anayesali rozari, na mtu akiingia ofisini nilijifanya ninapangusa vumbi. Kioo changu kilikuwa kisafi kuliko vyote chuoni.

Ninaandika programu kwa Lisp, lugha ambayo kila agizo hukaa ndani ya mabano, na agizo jingine ndani yake, kama sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Kuna namna ya kuiandika ambapo kompyuta yenyewe hulinda sufuria hizo. Ukifungua bano, inalifunga. Ukitaka kufuta bano moja, inakataa, maana mwenzake atabaki yatima. Unahamisha agizo zima au unaliacha. Niliijaribu asubuhi moja, ikanikatalia kufuta, nikaizima.

"Mimi si mtoto wa kushikwa mkono," nilimwambia mwenzangu wa ofisini.

"Sawa, dada," akajibu. "Endelea kupangusa kioo."

Kisha nikawaandikia programu wafugaji wa Sugoi, kwa kituo chao cha kukusanyia maziwa. Stima ikipotea, programu imwamshe mlinzi awashe jenereta. Tangi la maziwa likijaa, iite lori kutoka Cheptiret. Msimu wote wa mvua ilifanya kazi vizuri, nami nikatembea kichwa juu. Mvua zilipopungua, tangi likajaa, lori halikuja, na wafugaji wakarudishwa nyumbani na maziwa yao. Meneja wa kituo akanipigia.

"Mwalimu, maziwa imeharibikia watu kwa mikebe."

"Si wayagandishe yawe mursik?" nikasema. Sijui kwa nini nilisema.

"Mursik iko na heshima yake, na kibuyu yake. Hii ni aibu tu. Kesho tangi ikijaa na lori isikuje, kamati inang'oa hiyo mashine yako."

Nilifungua programu na kuona nilichokuwa nimefanya. Kila mara kompyuta ilipolalamika kwamba mabano hayajafungwa, nilitupia mabano mwishoni mpaka ikanyamaza. Hesabu ilitimia. Lakini agizo la kuita lori lilikuwa limefungiwa ndani ya agizo la stima kupotea, kwa hiyo lori liliitwa gizani tu. Wakati wa mvua stima hupotea kila siku. Ndiyo maana nilionekana hodari.

Ningeweza kurekebisha pale pale kwa kidole. Nilikataa. Niliwasha ile namna niliyoizima, nikamwita mwenzangu.

"Si ulisema wewe si mtoto?"

"Nishike mkono, bwana."

"Kompyuta ndiyo itakushika. Mimi kazi yangu ni kucheka."

Alicheka, lakini alinifundisha amri mbili. Moja hufanya mabano yameze agizo lililo jirani. Nyingine huyafanya yateme la mwisho lililo ndani. Niliweka kishale, nikaamuru yateme. Agizo la lori likatoka zima, na mabano yake yote, likasogea kushoto na kusimama peke yake. Halikuacha yatima hata mmoja.

Sikuishia hapo. Niliipitia programu yote, agizo kwa agizo. Vidole vilikimbilia kufuta, vikakatazwa, nikatukana, nikaendelea. Kile cha kuhesabia nilikikalia kabisa. Mwenzangu alipoaga kwenda nyumbani Kiplombe, alisema sijawahi kuandika polepole hivyo. Nilimwambia afunge mlango. Kabla sijatoka, nikaituma Sugoi.

Kesho yake simu ililia nikiwa na chai mkononi.

"Mwalimu."

"Stima iko?" nikauliza kabla ya salamu.

"Iko."

"Na tangi?"

"Imejaa mpaka juu. Watu wamepanga laini na mikebe wananiangalia mimi."

Sikuuliza la tatu. Sikuwa na ujasiri huo.

"Sasa hii lori inanipigia honi kwa geti," akasema, "na mimi sijaiita. Ngoja nifungue."

Alisahau kukata simu. Nilisimama na chai yangu, nikasikiliza geti likiburutwa.