Watu Wanaongojea

Jirani yetu wa Mabanga, Havugimana Célestin, alikulia Masisi akichunga ng'ombe wa baba yake. Vita vilipoileta familia yao Goma aliosha magari, akawa dereva wa magari ya wengine kwa miaka kumi na minne, na mwishowe akanunua Hiace yake mwenyewe, nyeupe, yenye viti kumi na vinne. Hapo ndipo alipogundua kwamba kuwa na gari si kuwa na kazi.

Komisheni ya usafiri ndiyo inayogawa laini, yaani njia za magari ya abiria, mjini, na bila laini gari haliruhusiwi kubeba mtu hata mmoja. Laini zote zinazoingia mjini kati zilikuwa zimejaa. Célestin akaomba mpya: kutoka Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji, moja kwa moja hadi Ndosho, upande wa magharibi, kwa njia ya mawe, bila kupita mjini. Kama angekataliwa, angeuza Hiace na kurudi kuendesha ya mtu mwingine.

Komisheni ilimjibu kwa barua. Mkaguzi angekuja Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, kuhesabu watu wanaongojea gari pale Kanyaruchinya.

Célestin akaenda mwenyewe Jumatatu kutazama. Hakukuwa na mtu anayengojea. Akarudi nyumbani ameinamisha kichwa.

"Batanikatalia," alimwambia mke wake, Joyeuse.

"Nani alikuambia batu hawako?" Joyeuse akajibu. "Niachie mimi."

Joyeuse aliimba katika kwaya ya parokia. Jumanne, mkaguzi aliposhuka kwenye pikipiki, alikuta wanawake ishirini na watatu wamesimama kando ya barabara, wote katika sare ya kwaya, kitenge cha buluu na vitambaa vyeupe kichwani. Wangewezaje kusimama mbele ya serikali na nguo za shamba?

Mkaguzi aliitwa Mama Micheline. Alitoa karatasi yake, akawatazama, kisha akamgeukia Célestin.

"Papa, hii ni kituo ao ni misa?"

Mkaguzi akamwendea aliyekuwa mbele, Mama Christa.

"Mama, unaenda wapi?"

"Siendi fasi yoyote," Mama Christa akasema, maana hakuwa mtu wa kusema uongo. "Nimetumwa kungojea."

Wengine wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka na kunyamaza. Mama Micheline akaandika sifuri. Akaanza kukunja karatasi.

"Mama, samahani," Célestin akasema. "Ile ya kwaya ni kosa yetu. Lakini angalia nyuma yako."

Nyuma yake watu walikuwa wakipita tangu alfajiri: wanawake wenye magunia ya majani ya sombe, mzee mwenye mguu uliofungwa bandeji, wanafunzi, mama mwenye mtoto mgongoni na karatasi ya hospitali mkononi. Wote kwa miguu.

"Hawa hawangojei," Mama Micheline akasema. "Fomu inauliza wanaongojea."

"Bangojee nini, mama? Gari haijapita hapa hata siku moja."

Mama Micheline aliigeuza fomu upande usioandikwa kitu, akakaa juu ya jiwe, akaanza kuwasimamisha wapita njia mmoja mmoja: unatoka wapi, unaenda wapi? Hadi saa tatu alikuwa ameandika watu mia moja na tisa. Sitini na wawili walikuwa wanaenda Ndosho.

Wiki mbili baadaye komisheni ilimwita Célestin. Darius, aliyesema kwa niaba ya madereva wa laini ya mjini, alipinga.

"Hao wamezoea kutembea," alisema. "Na huyu muzee ni wa kuleta kwaya kwa mkaguzi!"

"Kwa nini uliwaleta?" mwenyekiti akauliza.

"Niliogopa sifuri," Célestin akajibu.

Mama Micheline akasoma upande wa pili wa fomu, jina la kijiji baada ya jina, bila kuongeza neno.

Kibali kilitoka kwa miezi mitatu tu. Safari mbili asubuhi, mbili jioni. Nauli iliyopangwa na komisheni. Célestin asawazishe ardhi ya vituo vitatu kwa mikono yake. Na kwa sababu ya ile kwaya, aanze mwezi mmoja baadaye. Sharti la mwisho lilimsumbua kuliko yote: gari liondoke kwa saa iliyoandikwa, lijae lisijae.

Asubuhi ya kwanza alisimama Kanyaruchinya, mlango wazi. Watu walimpita kama kawaida. Mwanamke mwenye gunia akapunguza mwendo.

"Hii inaenda mjini?"

"Apana, mama. Ndosho moja kwa moja."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Mwanamke akalitazama gari, akaitazama barabara, akaliingiza gunia. Nyuma yake akapanda mwanafunzi mmoja. Saa kumi na mbili na nusu ikafika. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kuendesha, Célestin aliwasha gari likiwa na viti kumi na viwili vitupu, akaondoka.