Nyavu Ndogo za Mferejini

Leo nimepaza sauti mbele ya watu wazima, na nusura nilie.

Tulikuwa tunasafisha mfereji wetu unaoshuka kutoka Mlima Meru, ule uliopo tangu enzi za Mjerumani.
Baba mdogo akachukua brashi ya waya asugue jiwe moja.
Nikaona nyavu ndogo, laini kama utando wa buibui, zimeshikamana nalo, kila wavu na mdudu wake anayesubiri chakula kiletwe na maji.

"Baba mdogo, naomba usilisugue hilo!"

Wote wakanigeukia.
"Amemaliza fomu foo juzi, leo ameshakuwa mwalimu!" mama mmoja akanitania.
(Biolojia yote ikanitoka kichwani, jamani.)

Ndipo bibi yangu akavua kandambili, akaingia majini, akainama.
"Mama yangu alizaliwa wakati Mjerumani bado yuko hapa. Alikuwa ananichapa nikichota maji pasipo na nyavu hizi. Alisema hapo maji yameharibika."

Baba mdogo akaweka brashi chini.

Bibi akagusa wavu mmoja kwa ncha ya kidole.
"Kumbe bado mpo," akawaambia wale wadudu. "Nilidhani mliondoka na mama."

Kwenu bado wapo? Nendeni mkaangalie, mniambie.