Asali ya nyuki wadogo imenitoa damu

Leo nimeng'atwa kwa ajili ya asali ya nyuki wasiouma.

Asali ya nyuki wadogo, ile bibi aliyokuwa akinilambisha utotoni. Nimeitafuta miaka. Leo sokoni Itigi nikaiona, chupa moja tu.

Nikaishika. Mama mmoja aliyejifunika mtandio usoni kujikinga na vumbi, naye akaishika.

Nikavuta. Akaning'ata mkono hadi damu. Nikamsukuma, akaangukia ndoo za dagaa. Akainuka na kofi zito, mtandio ukadondoka.

Mwalimu wangu wa darasa la kwanza.

Mdomo ukasema wenyewe: "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaiweka chupa chini, nikainama kumpa mikono miwili, kama alivyotufundisha.

Akachukua chupa, akaondoka.

Mnaocheka, ninyi mngemsalimia kwa mkono mmoja?