Sukari ya Ndoo ya Mafuriko

Ndoo ile ilipofunguliwa ilinukia mishumaa na sabuni ya mche. Mama aliiweka juu ya kabati, katika nyumba yetu ya Mugango, tangu ziwa lilipoanza kupanda na kumeza bustani ya mchicha. Ndani alitia pia viberiti vilivyofungwa kwa nailoni, tochi, shuka, chumvi na sukari. Nesi wa zahanati alikuwa amemfundisha kuchanganya sukari na chumvi katika maji yaliyochemshwa, kwa maana mafuriko huja na kuhara. Mdogo wangu Neema ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na Mama alimhofia yeye kuliko sisi sote. Kinga ni bora kuliko tiba, alisema, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ndoo.

Lakini masika yale, Mama akiwa shambani, wakwe, wazazi wa mume wa shangazi, walifika kutoka Butiama, na sukari ya jikoni ilikuwa imekwisha. Bibi, mama yake baba, alipanda juu ya kiti akaishusha ndoo. "Mkwe hanywagi chai chungu hapa kwangu," alisema. "Gulio likifika nitairudisha." Wakwe walikunywa, wakasifu, wakaongezewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nikapewa kijiko nilambe.

Kabla ya gulio mvua ilinyesha mfululizo, ziwa likaingia hadi chumbani, barabara ikakatika. Tulikimbilia kanisani, juu kwenye mawe, Mama akiwa na Neema mgongoni na ndoo kichwani. Huko Neema akaanza kuhara. Mama alichemsha maji, akafungua ndoo bila wasiwasi, akapekua, akapekua tena.

"Mama, sukari iko wapi?" alimuuliza Bibi.

Bibi alifunika uso kwa kanga. Tuliomba kwa majirani. Yao ilikuwa imeyeyuka majini. Neema alilegea, macho yakamwingia ndani, na kabla barabara haijafunguka tulimzika nyuma ya kanisa. Niliumia, na bado naumia. Mama hakumlaumu Bibi hata siku moja. Bibi naye hakutia tena sukari katika chai yake mpaka alipofariki.

Leo naishi Buhare, mbali na maji, na ndoo yangu iko juu ya kabati. Watoto wananicheka; siku hizi, wanasema, habari za mvua zinakuja kwenye simu. Majuzi mama mkwe alifika bila taarifa, sukari ya jikoni imekwisha, duka limefungwa. Nikamwekea chai chungu. Alionja, akasukuma kikombe, akaaga mapema. Najua nimesemwa mpaka Bunda. Mama, ambaye sasa anaishi nami, alikivuta kikombe kile, akainywa chai yote, kisha akainua macho kabatini.

"Iko?"

"Iko, Mama."